Nyumba za Wasio na Jamaa: Karne Moja na Zaidi ya Makao ya Wazee

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri iliyouondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Uhuru huo haukumfuata mtumwa nyumbani. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuudai, na bwana wake akalipwa fidia. Ndani ya amri hiyo kulikuwa na sharti ambalo halitajwi sana siku hizi: aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana mahali maalumu pa kuishi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Kijana mwenye nguvu hakuwa na hofu na sharti hilo, kwa maana karafuu zilitaka wachumaji na bandari ilitaka wachukuzi. Lakini bibi kizee aliyetekwa utotoni kando ya Ziwa Nyasa, akavushwa bahari, akazeekea jikoni mwa nyumba ya watu mjini Unguja, angeonyesha nini?

Ndugu hakuwa nao. Njia ya kurudi kwao hakuijua, na hata angeijua, aliowaacha wangekuwa wamekwisha kufa au kutawanyika. Katika umri wake wote alikuwa na haki ya kudai kwa mtu mmoja tu, naye ni yule yule aliyemmiliki: chakula, nguo ya kuvaa, mahali pa kulaza ubavu, na sanda siku ya kufa. Wazee wengi wa namna hiyo hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki walipokuwa, wakawa huru bila ya kuhama. Wengine mabwana zao walifilisika au walifariki, shamba likauzwa, na wao wakajikuta njiani.

Kila yanapotajwa makao ya wazee, hakosekani mtu wa kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba Mwafrika hamtupi mzazi wake. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila inajibu swali ambalo makao haya hayakuulizwa. Nyumba za wazee za Visiwani na Bara hazikuanza kwa ajili ya mzee mwenye watoto wakaidi. Zilianza kwa ajili ya mkiwa: mtumwa aliyeachwa huru, mgonjwa wa ukoma aliyepona asipokewe kwao, mkata mkonge aliyetoka mbali akasahauliwa, bibi mwenye macho mekundu aliyenusurika mapanga ya usiku. Na ukiifuata historia yao kituo kwa kituo, utaona kwamba kilichoamua kama mzee atatulia au atanyong'onyea hakikuwa paa wala godoro. Kilikuwa ni kama amepata tena watu wa kuwaita wake.

Mwanahistoria John Iliffe, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kurudi Cambridge, aliandika mwaka 1987 kitabu kizima juu ya maskini wa Afrika. Hoja yake kuu ni kwamba katika nchi zenye ardhi tele, fukara hasa hakuwa yule asiye na shamba. Alikuwa ni yule asiye na mikono ya kulilima, yake mwenyewe wala ya jamaa zake. Kwa kipimo hicho, mzee mkiwa ndiye fukara wa mwisho kabisa.

Wakfu, masista na Welezo

Kabla ya serikali kujihusisha, mji wa Unguja ulikuwa na njia yake. Matajiri waliweka wakfu nyumba na mashamba, na mara nyingi walionufaika hawakuwa watoto wa damu tu, bali pia watumwa waliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, ilikuwa ya wakfu au ya wenye mali walioruhusu wanyonge wajenge vibanda vya udongo na makuti bila ya kodi au kwa kodi ndogo. Mzee aliyeachwa huru alijengewa kibanda chake karibu na ukoo wa bwana wake wa zamani. Alifagia, akabeba habari, akaalikwa harusini na matangani. Hakuwa sawa na wenye nyumba, lakini alijulikana jina na alikuwa na mlango wa kubisha.

Utaratibu huo ulianza kulegea mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya ulinzi ya Kiingereza iliunda Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905 na kuanza kusimamia mali hizo kwa vitabu na hesabu. Ardhi ya Ng'ambo ikapanda thamani, na kodi za viwanja nazo zikapanda hadi watu wakagoma kuzilipa mwaka 1928. Kibanda cha hisani kilikuwa kimegeuka kiwanja cha biashara, na aliyeumia kwanza ni yule asiyeweza tena kufanya kazi.

Wamisionari Wakatoliki walikuwa Unguja tangu Desemba 1860, alipofika Padre Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na masista. Kazi yao ya kwanza haikuwa mahubiri. Walifungua hospitali na karakana, na miaka minane baadaye wenzao wakavuka kwenda Bagamoyo kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha nyumba ya maskini ya Welezo, nje ya mji, mahali ambapo nyaraka za Kiingereza zinapaita Walezo. Serikali ilitoa ruzuku, masista walitoa mikono yao. Ndani ya eneo hilo walitunzwa watu wa aina mbalimbali: maskini wasiojiweza, wagonjwa wa ukoma, na wengineo ambao hospitali ya mjini haikuwa na nafasi nao.

Kuchanganya huko kuliacha alama. Mzee aliyepelekwa Welezo kwa sababu tu hakuwa na mtu alijikuta jirani wa ugonjwa ambao watu wa mjini waliuogopa kuliko kifo. Hakuwa amefanya kosa, wala hakuwa mgonjwa, lakini alikuwa amehamishiwa mahali ambapo watu hawaendi kutembea. Kosa hilo la mwanzo, la kumweka mzee mbali na macho ya watu, lilirudiwa baadaye katika vituo vingi vya Bara.

Mkono usiosikia moto

Bara, makao mengi ya wazee yana asili ya ukoma. Wajerumani walianzisha vijiji vya kuwatenga wagonjwa, na misheni na serikali ya Kiingereza zikaendelea na kazi hiyo. Chazi katika Mkoa wa Morogoro, Makete karibu na Tukuyu, Mwena jirani na Ndanda: majina haya kwa watu wa zamani yalimaanisha jambo moja.

Ukoma huua hisia za mikono na miguu. Mgonjwa hujua kwamba sufuria ni ya moto anapoona malengelenge, si anapoishika. Jembe lenye mpini mkavu humchubua kiganja asijue, kidonda kikaoza, kidole kikafupika. Kwa hiyo katika vijiji vya ukoma mambo madogo ndiyo yaliyokuwa makubwa. Mpini wa jembe ulizungushiwa kitambaa au mpira. Kikombe cha bati kilishikwa kwa tambara. Makubadhi yalitengenezwa kwa soli ya tairi na mpira laini ndani, na jioni mtu alikaa kibarazani akazikagua nyayo zake, au akamkagulia mwenzake aliyekwisha kupofuka. Ndugu wa damu hawakuwa tayari kufanya hivyo. Aliyefanya ni mgonjwa wa nyumba ya pili.

Hadi miaka ya 1940 tiba iliyokuwapo ilikuwa sindano chungu za mafuta ya chaulmugra, zenye faida ya mashaka. Ndipo ikaja dapsoni, ambayo ilimtaka mgonjwa ameze vidonge kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa tatu zitumiwe kwa mkupuo: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Tiba ya maisha ikawa tiba ya miezi. Kituo cha ukoma kikapoteza kazi yake.

Kikapoteza kazi, lakini hakikupoteza watu. Waliopona wakaambiwa waende kwao, na wengi hawakuwa na kwao. Walikuwa wameingia vijana, wakaoana humo humo, wakalima, wakazikana. Vidole vilivyokatika havikurudi kwa vidonge, na kijijini walikotoka kidole kilichokatika kilitosha kuwa hukumu. Vituo vikabadilishwa jina vikawa makazi ya wazee na watu wasiojiweza, na wagonjwa wa zamani wakawa ndio wenyeji wa kuwapokea wageni. Ndiyo sababu Nunge ya Kigamboni na Bukumbi ya Misungwi, mkoani Mwanza, zilikuja kuwa na wazee wasiowahi kuugua ukoma wakiishi pamoja na walioathiriwa nao.

Hapo kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Mahali palipojengwa ili kuwatenga watu ndipo palipokuwa na ujirani mzito kuliko pengine pote. Mwenyeji wa kituo cha ukoma alikuwa na nyumba yake yenye mlango wake, kipande cha shamba, kuku, na mtu wa kumwamkia asubuhi. Mzee mgeni aliyeletwa na afisa ustawi wa jamii, akiwa na fuko moja la nguo, alikuta kijiji, hakukuta bweni.

Wakata mkonge walioachwa nyuma

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo michache yaliota mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa.

Mkonge ulikuwa Tanga na kando ya reli, wakati wakataji walitoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Rwanda, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 ofisi iliyojulikana kama SILABU iliwaandikisha na kuwasafirisha kwa maelfu kwa mikataba. Watu waliwaita manamba. Mkataba ukiisha, mtu alitakiwa arudi kwao na shuka, baiskeli na fedha kidogo. Waliofanya hivyo ni wengi. Waliobaki nao hawakuwa wachache. Huyu aliona haya kurudi mikono mitupu, huyu alipata mwanamke wa Kibondei, huyu aliacha vita nyuma yake. Miaka ikapita, nailoni ikaivunja bei ya kamba katika soko la dunia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakafa. Kambi za wafanyakazi zikabaki na wazee wasio na mshahara wala ukoo.

Serikali ilikuja kuwa na makazi ya wazee Mwanzange, mjini Tanga, na Misufini, Muheza, katikati kabisa ya nchi ya mkonge. Kule Moshi, penye kahawa na miwa, kuna Njoro. Ukiiweka ramani ya makao hayo juu ya ramani ya mashamba makubwa ya kikoloni, zinakaribiana mno.

Katika kambi za mkonge ndiko utani ulikofanya kazi ya ukoo. Mnyamwezi aliyekufa Korogwe bila ndugu alizikwa na watani wake: wao ndio walioosha, waliochimba, waliolia kwa mzaha na kudai chakula cha msiba. Mijini nako, kama Dar es Salaam ya miaka ya 1930, vyama vya kabila vilianzishwa kwa shabaha ya kwanza ya kuzikana. Hofu kubwa ya mtu wa ugenini haikuwa kufa. Ilikuwa kufa akazikwa na manispaa.

Azimio, Sebleni na Tabora

Aprili 1962 Julius Nyerere alichapisha kijitabu chake cha Ujamaa, na ndani yake mzee ana nafasi ya pekee. Nyerere aliandika kwamba mzee anayeonekana amekaa tu katika jamii ya jadi alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujanani, na kwamba hakuna aliyelala njaa kwa kukosa mali yake binafsi, maana mali ilikuwa ya wote. Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha lilipolaani unyonyaji liliwataja wazi wale wenye haki ya kula bila ya kufanya kazi: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao serikali yenyewe imeshindwa kuwapatia kazi.

Wazo hilo lilijengwa juu ya ukoo, na hapo pakawa na pengo. Mtu asiye na ukoo angelelewa na nani? Jibu la serikali katika miaka ya 1960 na 1970 lilikuwa: taifa zima ndilo ukoo wake. Makazi yakafunguliwa au yakapokewa kutoka misheni mkoa baada ya mkoa: Ipuli mjini Tabora, Kilima upande wa Bukoba, Nyabange upande wa Musoma, Kibirizi mjini Kigoma, Fungafunga mjini Morogoro, Magugu wilayani Babati.

Visiwani, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume iliufanya ulezi wa wazee kuwa moja ya ahadi zake, sambamba na matibabu na elimu bila malipo. Nyumba za wazee za Sebleni zilijengwa ndani ya mji, Ng'ambo, na si porini kama Welezo. Pemba kukawa na Limbani, Wete. Uamuzi huo wa mahali una uzito wake. Mzee wa Sebleni alisikia adhana kutoka misikiti ya mtaa, aliweza kutoka kwenda kununua tambuu au kahawa, na mtu wa mtaani aliweza kuingia kumjulia hali bila ya kupanda gari. Tangu hapo imekuwa desturi ya viongozi na wake zao kwenda kufuturu au kula sikukuu na wazee wa Sebleni na Welezo.

Misheni nazo hazikuondoka. Mwaka 1968 Mama Teresa wa Kalkuta alifungua Tabora nyumba ya shirika lake, mojawapo ya za mwanzo nje ya India. Baadaye masista wake wakawa pia na nyumba Mburahati, Dar es Salaam. Nchini Kenya, Masista Wadogo wa Maskini wanaendesha Nyumba ya Wazee, Kasarani, Nairobi. Shirika lao lina asili ya mwaka 1839 huko Saint-Servan, Ufaransa, usiku ambao Jeanne Jugan alimbeba kizee kipofu mgongoni, akampandisha ngazi na kumlaza kitandani mwake, yeye akalala darini. Kanuni waliyorithi kutoka kwake ni kwamba mzee anaingia nyumbani, haingii wodini.

Kizee mwenye macho mekundu

Kundi la mwisho kuingia katika historia hii ndilo linaloumiza zaidi. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, hasa kuanzia miaka ya 1980, wanawake wazee walianza kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Ushahidi wa wauaji mara nyingi ulikuwa macho mekundu, ambayo kwa mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni na samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha ni jambo la kawaida kama mvi. Nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi palikuwa na ugomvi wa shamba: mjane aliyeng'ang'ania ardhi ya marehemu alikuwa kikwazo.

Wanawake hawa walikuwa na watoto, wajukuu, mji na ng'ombe. Hawakuwa wakiwa kwa asili. Walifanywa wakiwa kwa siku moja. Kolandoto ya Shinyanga na Bukumbi zikapokea wazee wenye mashaka ya namna hiyo, na Bukumbi ikapata pia kuwahifadhi watu wenye ualbino, watoto kwa wakubwa, mauaji dhidi yao yalipopamba moto kuanzia mwaka 2007.

Mzee wa namna hii ndiye mgumu kuliko wote kutulia. Aliyekata mkonge alikwisha kuzoea kulala ugenini. Huyu amepokonywa nyumba aliyoijenga, na aliyemtishia maisha huenda ni mtoto wa shemeji yake. Usiku hulala akiwa amevaa. Hapokei chakula kutoka kwa asiyemjua. Ukimwambia yuko salama, hajibu kitu.

Kutulia kunavyofanyika

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio lao katika nyumba ya wazee ya Arden House, Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao yako mikononi mwao wenyewe, na kila mmoja akachagua mmea wa chungu autunze. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba wahudumu wangewafanyia kila kitu, na mimea yao ikamwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki tatu kundi la kwanza lilionekana kuwa na furaha na uchangamfu zaidi. Mwaka 1992 wauguzi wa Amerika Kaskazini waliuingiza msongo wa kuhamishwa makazi katika orodha yao rasmi ya matatizo ya mgonjwa.

Wazee wa Chazi na Bukumbi wasingeshangazwa na habari hizo. Uzoefu wa vituo vyetu unaonyesha mambo ambayo mzee mgeni hutaka kuyajua siku za mwanzo, hata asipouliza. Sanduku lake litakuwa na kufuli, na ufunguo atakaa nao nani? Ugali wa muhogo aliouzoea utapatikana, au ni sembe tu? Anaruhusiwa kufuga kuku wawili? Ramadhani chakula kitasogezwa hadi magharibi, au kitaachwa kipoe tangu saa 7 mchana? Wahudumu watamwita kwa jina la babu au bibi wa fulani, au kwa namba ya chumba? Na akifa, atasafirishwa, atazikwa hapa, na kwa dini gani?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Makao yenye makaburi yake, ambako wakazi wenyewe husimamia msiba, huwa na mgeni anayetulia mapema, kwa sababu ndani ya miezi yake ya kwanza atakuwa amehudhuria maziko na kuona kwa macho yake jinsi atakavyotendewa yeye. Mahali ambapo maiti huchukuliwa na gari usiku, kesho yake kitanda kikapewa mwingine, hata chakula kikiwa kizuri, watu hawakai kwa amani.

Shamba nalo lina kazi yake. Robo eka ya mihogo na mchicha haimlishi mtu mwaka mzima, lakini humpa cha kumgawia jirani, na anayegawa hawi ombaomba. Vituo vilivyopoteza mashamba yake kwa uvamizi wa viwanja, kadiri miji inavyopanuka, vimepoteza kitu ambacho msaada wa mchele na sabuni haukirudishi.

Leo

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wenye miaka 60 au zaidi walikuwa karibu milioni 3.5. Wanaoishi katika makao ya serikali ni sehemu ndogo mno ya hao. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, iliyotoka mwaka mmoja baada ya mkutano wa dunia juu ya uzee uliofanyika Madrid, iliitaja familia kuwa mlezi wa kwanza na makao kuwa hatua ya mwisho. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la, na baadaye ikaipandisha hadi 50,000; mwaka 2020 ikatunga sheria ya mambo ya wazee. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, ina ibara ya 57 juu ya haki za wazee, na kupitia mpango wa Inua Jamii inawalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizo humwezesha mzee kubaki kwake. Haziwezi kumtengenezea jamaa asiye nao, na wakiwa wapya wanaendelea kuzaliwa: mtu aliyehamia mji mkubwa akiwa kijana, akapanga chumba miaka 40, akazeeka bila mtoto wala ukoo unaomkumbuka.

Kwa hiyo serikali za mitaa, misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama vyenye nia ya kusaidia makao ya jirani vina kazi mbili zisizohitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kwenda siku isiyo sikukuu. Idi na Krismasi wageni hujaa, wakaleta mchele na kupiga picha. Jumanne ya kawaida ya mwezi wa Machi haji mtu, na ndiyo siku ambayo mzee aliyeingia wiki iliyopita anahitaji mtu wa kucheza naye bao. Ya pili ni kuandika. Chukueni daftari, muwaulize wazee walitoka wapi, walifanya kazi gani na wangependa kuzikwaje, kisha daftari hilo likae kwa mfawidhi wa makao. Waliokata mkonge kwa mikataba ya SILABU wanakwisha, na waliobaki wa vijiji vya ukoma ni wachache. Kazi hiyo ianze mwaka huu.